Kampuni za usafi na ulinzi Dodoma, acheni kuwasainisha watu barua za "kuacha kazi kwa hiari"!

Wakuu salaam. Nimeandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Kuna mchezo unachezwa hapa Dodoma na baadhi ya kampuni zinazopewa tenda za usafi na ulinzi maofisini, na umewaumiza watu ninaowafahamu kwa sura na kwa majina ya watoto wao. Tenda ikiisha, au mteja akisema anataka watu wachache, kampuni haikuachishi kazi. Inakusainisha barua inayosema wewe mwenyewe umeamua kuondoka.

Barua wanayo tayari imechapwa. Imebaki nafasi ya jina, tarehe na sahihi tu. Mnaitwa mmoja mmoja, mlango unafungwa, mshahara wa mwezi ulioutolea jasho uko kwenye bahasha mezani, halafu msimamizi anakwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, saini hapa uchukue chako, tusisumbuane." Ukiuliza kuna nini kwenye karatasi, unaambiwa ni utaratibu wa ofisi. Ukiomba ukaisome nyumbani, bahasha inarudi kwenye droo.

Mimi nilikataa. Mshahara wangu wa mwisho hadi leo sijaupata na shauri liko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa hiyo jina la kampuni silitaji. Sikuja kulilia mshahara wangu peke yangu. Nimekuja kwa ajili ya waliosaini.

Mjue ni akina nani hao. Ni wamama wa Chang'ombe, Nkuhungu na Nzuguni wanaoamka saa kumi alfajiri ili kufika Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kabla ofisi hazijafunguliwa, wapige deki korido, wasugue vyoo, wamwage takataka, na mkubwa akiingia akute kunanukia. Ni wazee walinzi wanaokesha getini na kikoti chepesi mwezi wa saba, na mwenye kujua upepo wa Dodoma wa Julai anajua ninachosema. Siku wanapoitwa kwenye kile chumba, mwenye nyumba anadai, mangi dukani ameshafunga daftari la mkopo, na wengine wana kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanaopiga simu tangu asubuhi. Hapo unaposema "alisaini kwa hiari yake", hiari ipi?

Sasa nieleze sahihi hiyo inachukua nini, maana wengi wanadhani ni karatasi tu.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi akiachishwa anatakiwa kupewa notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Akiwa amefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi na hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, ana kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Mwajiri pia lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu. Ukisaini kwamba umeacha mwenyewe, mwajiri anaitoa barua yako na kusema: sikumfukuza, notisi ya nini, kiinua mgongo cha nini?

Halafu kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaochangia. Tangu sheria zilipobadilishwa 2018 na fao la kujitoa kuondolewa, tuliambiwa tusihofu, kuna fao la kukosa ajira. Ni kweli lipo. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Lakini aliyeacha kazi kwa hiari hapewi. Umeona hapo? Mama aliyekuwa analipwa 180,000 angepata karibu 60,000 kila mwezi kwa nusu mwaka huku akitafuta kibarua kingine. Kuna watu hapa watacheka hiyo elfu sitini. Kwa mama wa chumba kimoja Nkuhungu hiyo ni kodi, na unga juu yake. Na anaikosa kwa sababu ya karatasi aliyosainishwa ndani ya dakika chache na mtu aliyejua vizuri anachokifanya.

Hapo bado sijagusa wale ambao michango yenyewe haikufika. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Dada mmoja tuliyekuwa zamu moja alikatwa kila mwezi, karatasi za mshahara anazo. Alipoenda kuangalia taarifa zake, miezi kibao hakuna kitu. Hela imetoka kwake, kwenye mfuko haijaingia. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu huo ni wizi. Angalieni michango yenu sasa hivi mkiwa bado kazini, msisubiri siku ya kufukuzwa.

Kinachonichoma zaidi ni suala la siku 30. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Kwa madai mengine ni siku 60. Kampuni zinaijua tarehe hii kuliko sisi. Ndiyo maana ukiachishwa hawakwambii hapana. Wanakwambia njoo Jumatatu, bosi yuko Dar, mhasibu anauguliwa, faili limepelekwa makao makuu, mteja hajatulipa, vumilia kidogo dada yangu tutakuita kwenye tenda mpya. Unapanda daladala kwenda na kurudi, nauli ya kukopa, unaona aibu kuwashtaki watu wanaoongea nawe vizuri. Siku 30 zikipita, lugha inabadilika na simu haipokelewi tena.

Kwa hiyo wewe uliyefukuzwa juzi na unasoma hapa, usisubiri Jumatatu ya mtu. Nenda CMA, uliza Fomu Namba 1, jaza, nakala apewe mwajiri. Kufungua shauri hakuna ada. Beba chochote ulicho nacho: kitambulisho cha kazi, karatasi za mshahara, meseji, picha ya ratiba ya zamu. Kukosa mkataba wa maandishi si mwisho wako, maana kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Kama ulishachelewa, kuna Fomu Namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, ila lazima uwe na sababu ya maana ya kuchelewa. Na kama ulishasaini hiyo barua yao, bado usikate tamaa. Sheria inatambua kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya isivumilike kuendelea, huyo ameachishwa. Utatakiwa kuthibitisha, na ndiyo maana mashahidi mlioitwa siku moja mnapaswa kwenda pamoja.

Mei Mosi ya 2025 ilifanyika hapo jirani tu, Singida, uwanja wa Bombadia. Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nilifurahi kwa ajili yao, sina kinyongo. Lakini anayesafisha ofisi ya huyo mtumishi hayumo. Yeye ni wa kampuni, anahesabiwa kwenye amri ya mshahara ya sekta binafsi, na mara nyingi hata hicho cha kwenye amri hakioni kikiwa kizima: anakatwa sare, anakatwa glovu, anakatwa ndoo iliyopasuka. Vifaa vya kujikinga ni gharama ya mwajiri kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003! Glovu za kusugulia choo za kukatwa kwenye mshahara, jamani?

Na tuongee kuhusu vichwa vyetu, maana hili halisemwi. Mama mmoja tuliyekuwa naye, aliyesaini, hapati usingizi. Anakaa kitandani hadi kunakucha, chakula hakipiti, akisikia simu inaita anatetemeka akidhani ni wadai. Alipojaribu kuwaeleza watu wake akajibiwa "utapelekwa Mirembe wewe", wakacheka. Nyie mnaocheka mnamfanyia nini huyo mama? Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, kuna kliniki, mtu anakwenda asubuhi anaongea na mtaalamu anarudi nyumbani kwake kupika. Kukosa usingizi kwa ajili ya kufukuzwa kazi si laana wala si udhaifu. Nilimsindikiza mwenyewe na sasa anaanza kula.

Vijana wanaotafuta kazi nao wasikilize kidogo. Makulu kumejaa wahitimu wanaosubiri majina ya usaili kutoka Sekretarieti ya Ajira, na wakati wanasubiri ndipo hizi kampuni zinawakamata. Ukiambiwa utoe "hela ya kuunganishwa", ondoka. Kazi ya kununua inaanza na wizi na itaisha na wizi.

Najua watakuja wa kusema kampuni nazo zinacheleweshewa malipo na wateja. Inawezekana. Basi mdaini mteja wenu, ana jengo na ana bajeti. Msimdai mpiga deki.

Na ninyi ofisi mnaotoa hizi tenda, serikalini, benki, vyuoni, hospitalini, msinawe mikono. Kabla hamjalipa ankara ya mwezi, itakeni kampuni ilete ushahidi kwamba watu wote waliofanya kazi kwenye jengo lenu wamelipwa na michango yao NSSF imefika, jina kwa jina. Hilo mnaweza kuliweka kwenye mkataba kesho asubuhi. Maafisa kazi, ingieni kwenye majengo hayo saa kumi na mbili asubuhi bila taarifa, muwaulize wenye ndoo, si wenye tai.

Wanasheria mliomo humu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo na wasaidizi wa kisheria wapo. Naomba mtu aje aandike hapa chini, kwa lugha ya mama wa Nkuhungu, jinsi ya kujaza hiyo Fomu Namba 1 kipengele kwa kipengele. Na wote mliosainishwa barua mwezi huu, semeni ni tarehe ngapi mlisaini, ili tujue nani bado yuko ndani ya siku 30 na tuanze naye.