Tupeane uzoefu: Nani hapa amejifundisha mwenyewe kuchora katuni mpaka zikatembea?

Raba Imeisha

Wakuu, salaam. Naomba tukutane hapa sisi ambao hatukupita chuo chochote cha sanaa, tumejifundisha katuni na animesheni kwa kuungaunga. Orodha za programu ziko tele, sizitaki. Nataka mtu aseme alianzia wapi, alikwama wapi, na siku gani alitazama mchoro wake akasema "hee, huyu anapumua".

Nafungua mimi. Nimekulia Morogoro, na kaka yangu alikuwa na lundo la magazeti ya Sani chini ya kitanda. Kina Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa na Madenge ndio walionifundisha kuchora mikono, maana nilikuwa nawanakili mpaka karatasi inatoboka. Kidato cha pili nikagundua kwamba ukichora mtu kwenye kona ya daftari, kila ukurasa ukamsogeza kidogo, kisha ukazipepesa kurasa kwa dole gumba, jamaa anakimbia. Daftari nene kuliko yote lilikuwa la hesabu. Matokeo yangu ya hesabu mnaweza kuyakisia. Mwalimu alilichukua lile daftari, akalipepesa mwenyewe mara tatu, ndipo akanichapa.

Miaka ikapita, rafiki akaniletea programu ya Flash kwenye flashi. Nikaivamia kwa pupa. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye bakora anayetembea barabarani. Nilimfanyia kazi mwezi mzima na hakutembea hata siku moja, aliteleza tu kama amekanyaga sabuni. Kila nilipousogeza mwili, mguu uliokanyaga chini nao ulisogea. Sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba mguu ukishakanyaga haubanduki pale mpaka mwili upite juu yake.

Nikaacha kabisa, kama miezi minane hivi. Kilichonirudisha ni mpira. Nilikuwa nimesoma kwamba anayeanza hupewa mpira unaodunda, nikaona ni kudharauliwa. Siku moja umeme umekatika, nikachora wa tenisi kwenye karatasi, ukadunda vizuri tu. Nikasema ngoja nichore na ule wetu wa makaratasi, wa mifuko na kamba, tuliochezea chandimu. Ule haudundi, wakuu. Unaanguka pwa, unajiinua kidogo kwa uvivu, unajiviringisha kuelekea upande wenye fundo, unakaa. Duara ni lile lile kwa yote miwili, lakini mtu akitazama anajua upi ni upi. Ndipo nikajua yule mzee wangu wa bakora alikosa nini: hakuwa na uzito.

Karibuni, shusheni nondo.

Dada wa Steshenari

Uzi mtamu huu. Mimi niko Tanga, nauza steshenari, kwa hiyo nilianza na kilichokuwepo mezani.

Hesabu kwanza. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani vipande 24 vya picha vinavyopita mbele ya jicho kimoja baada ya kingine. Wengi wetu tunachora picha moja tunaiacha ikae fremu mbili, kwa hiyo ni picha 12 kwa sekunde. Rimu ina karatasi 500. Gawanyeni wenyewe: rimu nzima ni sekunde 41 na ushee. Siku nilipopiga hesabu hiyo nilikuwa nimeshaandika hadithi ya Sungura na Fisi ya dakika 10. Picha 7,200! Rimu 14 na karibu nusu! Ningejikopesha mpaka duka lifungwe.

Nikaikata ile hadithi, nikaikata tena, ikabaki fisi anainama kunywa maji, anaiona sura yake, anashtuka. Sekunde 9, picha 108, wiki tatu.

Meza ya taa sikuwa nayo. Mchana nilibandika karatasi dirishani, moja juu ya nyingine, nione mchoro wa chini. Mkono unachoka ajabu ukichora umeunyanyua. Usiku nikatoa kioo cha kabati nikakilaza juu ya droo, ndani nikaweka balbu, zile za zamani zenye joto. Kioo kikapasuka, na mama bado ananidai mpaka leo. Tumieni LED. Karatasi zisihame, nilizitoboa kwa pancha ya ofisini, nikapigilia boliti mbili kwenye ubao, kila karatasi inaingia kwenye boliti zake. Hicho kibao ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kununua baadaye.

Kosa kubwa lilikuja mwishoni. Nilipiga picha kwa simu iliyosimama juu ya vitabu, kuanzia asubuhi mpaka saa nane, jua likawa linahama. Kutazama sasa, fisi anawaka na kuzima kama yuko disko. Nikarudia zote 108 usiku chini ya taa moja, pazia nimefunga.

Mtoto wa Mabogini

Nimeweka kambi hapa, sijawahi kuchora fremu hata moja. Dada, rimu kwa mtu wa uzi huu ni shilingi ngapi?

Dada wa Steshenari

Bei ni ile ile mdogo wangu, ila nitakutobolea bure.

Kijana wa Likoni

Mimi nilianzia kwenye simu, kwa programu ya katuni iitwayo FlipaClip, nachora kwa kidole. Sitawachosha na hayo, ila simu iliibwa kivukoni na kazi za mwaka mzima zikaenda nayo, kwa hiyo kila Ijumaa nakili kazi zako mahali pengine. Mimi nimekuja kuzungumzia midomo.

Nilijifunza kuwasemesha wahusika kwa zile chati za midomo zilizozagaa mtandaoni, zinazoonyesha kila sauti ichorewe mdomo wa umbo gani. Zote zimetengenezwa kwa Kiingereza. Nikazifuata neno kwa neno, na mhusika wangu, mama muuza viazi karai, akawa kama anatafuna miraa huku mtu mwingine anaongea nyuma yake. Nikadhani ninachora vibaya. Nikachora upya. Bado.

Siku moja nikachukua kioo cha kunyolea nikasema polepole: "Mpe babu maembe mabovu." Jaribuni sasa hivi mlipo. Midomo inafungwa mara saba! Na kati ya kila kufungwa kuna irabu inafunguka wazi. Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu, hazibadiliki sauti. Midomo yetu inafunguka na kufunga kwa mwendo kama wa kutwanga. Kiingereza kinameza irabu, kinarundika konsonanti mwishoni mwa neno, ndiyo maana chati yao ilimtafunisha mama wa watu.

Nikatupa chati, nikabaki na midomo saba: a, e, i, o, u, uliofungwa wa m, b na p, na ule wa meno juu ya mdomo wa chini wa f na v. Konsonanti nyingine naziachia mdomo wa irabu inayofuata, umefunguka nusu. Ulimi wa dh na th nauongeza mhusika akiwa Mswahili kweli kweli (wa bara mtanisamehe). Ule uliofungwa ndio usiuhujumu. Uache fremu mbili angalau, na ufike fremu moja au mbili kabla ya sauti. Jicho likikosa kuona midomo imefungwa kwenye "mama", hata uchore irabu vipi mtazamaji anajua anadanganywa. Na m ya "mtu" au "mpe" ni silabi nzima, ipe muda wake.

Raba Imeisha

Nimesema "mpe babu maembe mabovu" mbele ya kioo hapa ofisini. Watu wananitazama.

Mzee wa Vekta

Wakuu, tusidanganyane. Habari za dirisha na boliti ni tamu kusimulia, lakini kijana wa leo akikaa miaka mitatu kwenye karatasi atakuta wenzake wameshapokea malipo. Mteja haulizi ulitumia balbu gani. Jichange, nunua tableti ya kuchorea, tafuta laptop yenye nguvu, ingia kazini.

Dada wa Steshenari

Kaka yangu, mimi tableti nilinunua, ile isiyo na kioo. Mkono uko mezani, jicho liko kwenye skrini ya kompyuta. Wiki mbili nilikuwa naandika jina langu kama mtoto wa chekechea. Ikazoeleka, na kweli karatasi siku hizi natumia kidogo. Ila fisi wa sekunde 9 alikuwa ameshanifundisha kupanga picha, kwa hiyo nilipopata kifaa nilikuwa na cha kukifanyia. Nina binamu aliyeanza na laptop ya gharama, inatumika kuchezea gemu.

Na programu za bure zipo. Krita ni bure, OpenToonz ni bure, Blender ni bure. Ile filamu ya paka kutoka Latvia, *Flow*, iliyochukua Oscar mwaka 2025, imetengenezwa kwa Blender.

Mzee wa Vekta

Hapo kwa Blender umenikamata. Lakini laptop yenye nguvu bado inahitajika, dada, usiwafiche watoto wa watu.

Dada wa Steshenari

Inahitajika. Sijaficha.

Mama Fremu

Naandika kutoka Nairobi, na mimi si kijana, nina miaka 47. Nilikuwa karani, nachora usiku watoto wakilala. *Tinga Tinga Tales* ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2010 na nikasikia kwamba imetengenezwa hapa hapa Nairobi, nilikaa kimya mbele ya runinga. Nilikuwa nikiamini katuni zinatoka ng'ambo kama mitumba.

Mnaojisifu kwamba hamkupita darasani, sawa, hata mimi sikupita. Lakini Gado alikuwa ameshachora magazetini miaka mingi, jina liko juu, na mwaka 2000 bado akaenda Vancouver kusomea animesheni. Mimi pesa za Vancouver sina, ila nilitafuta darasa la aina yangu: watu watatu tunaokutana Jumamosi moja kwa mwezi. Kila mtu analeta sekunde 5, wengine wanasema walichoona. Sheria ni moja tu, mwenye kazi haruhusiwi kujieleza. Mara ya kwanza nilileta msichana anayebeba ndoo ya maji kichwani. Mmoja akasema, "Hiyo ndoo haina maji." Nilikasirika mpaka nikafika nyumbani. Kisha nikachukua ndoo, nikaijaza, nikajitwika mbele ya kioo cha kabati. Shingo inakaza, bega moja linapanda, hatua zinakuwa fupi, kiuno ndicho kinachofanya kazi yote. Kwenye mchoro wangu kiuno kilikuwa kimelala usingizi. Nimekunywa maji ya ndoo maisha yangu yote na sikuwahi kukiona hicho kiuno.

Laki na Nusu

Jina langu linajieleza. Ndiyo bei ya tangazo langu la kwanza, sekunde 30, kwa mwenye duka fulani. Tulielewana kwa mdomo. Nikachora, nikapaka rangi, nikaweka sauti, nikampelekea. Akasema ni nzuri sana, ila yule mwanamume awe mwanamke, na badala ya gari iwe bodaboda, "badilisha kidogo tu". Kidogo tu! Nilirudia karibu yote, na mwishowe akanitumia elfu sabini kwa simu, nyingine mpaka leo ziko njiani.

Sasa hivi sipaki rangi mpaka mteja aone michoro ya penseli ikiwa imepangwa kwa muda wake, na sauti yangu ikisimulia juu yake. Hapo ndipo abadilishe mwanamume awe mwanamke hata awe mbuzi, penseli haina gharama. Akikubali, ananiandikia ujumbe kwamba amekubali na kutuma nusu. Wateja wawili wamekimbia waliposikia nusu. Nimewaaga vizuri.

Mtoto wa Mabogini

Wakuu, nimeshindwa kuvumilia. Jana usiku nimechora mpira wa makaratasi wa Raba Imeisha, kwenye simu, duara jeusi tu. Picha 20 kutoka kifuani mpaka chini, kila picha inakaa fremu mbili kama Dada alivyosema. Unaelea kama puto. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Zamu

Mimi sijui kuchora hata kuku, nafundisha fizikia, nimepita tu. Lakini swali lako nalijua. Kitu kikidondoka kutoka kifuani, tuseme mita 1.2, kinafika chini kwa nusu sekunde. Nusu sekunde ni fremu 12. Ukiacha kila picha fremu mbili, hizo ni hatua 6. Wewe umeweka 20, umempunguzia dunia nguvu ya kuvuta.

La pili, naamini umezipanga nafasi sawa kwa sawa. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, na nafasi za vipindi vinavyofuatana zinakwenda kwa 1, 3, 5, 7, 9, 11. Jumla 36. Kama kwenye mchoro wako mpira unashuka sentimeta 18, kila kipande ni nusu sentimeta. Kwa hiyo hatua ya kwanza nusu sentimeta, ya pili moja na nusu, ya tatu mbili na nusu, endelea hivyo mpaka ya mwisho, tano na nusu.

Raba Imeisha

Shikamoo mwalimu. Nimechapwa kwa ajili ya daftari la hesabu, na sasa mnaniletea hesabu humu humu.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Daftari lako bado ninalo. (Natania. Nadhani.)

Mtoto wa Mabogini

Nimefuta zote nikachora upya kwa vipimo vya mwalimu. Chini nimeuinua kidogo mara moja, kisha nikaulaza. Nimemwonyesha bibi bila kumwambia kitu chochote. Ameangalia mara mbili, kauliza mbona nimesahau kuuchorea kamba.