Mrejesho: risasi za bunduki ya mitutu miwili, Njoro

Wadau, niliuliza kama bunduki ya marehemu babu, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ya Uingereza, inaweza kutumia risasi za kawaida za milimita 70. Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema chemba, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa, ipimwe kwanza: fundi mwenye leseni amepima, ni milimita 65. Kumbe ya 70 huingia bila shida, maana urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka. Ukifyatua, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na presha hupanda. Za 65 hapa Nakuru sijapata. Muuzaji wa Nairobi ameahidi kuagiza, na bei yenyewe, wacha tu. Kujaza maganda mwenyewe nimeachana nako, maana cheti changu ni cha kununua na kumiliki tu. Kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kutasubiri mzigo uingie.