"Karibuni Paris", na mimi namwona ng'ombe dirishani. Hawa jamaa wamenichosha!

Mtoro wa Dublin (mleta uzi):
Wakuu, naandika nikiwa kwenye basi, hasira zimenikaba kooni. Wale jamaa mnawajua. Wale wa tiketi ya bei chee, ambao muda si mrefu wataanza kututoza hata pumzi tunazovuta ndani ya ndege yao.

Nimetoka Dublin asubuhi hii naenda Paris. Kwa mstari ulionyooka ni kama km 780, angani saa moja na nusu hivi, hapo sina neno. Ndege imegusa ardhi, dada kashika maikrofoni, tabasamu mpaka masikioni: "Karibuni Paris." Nachungulia dirishani, shamba. Ng'ombe kasimama ananikodolea macho. Paris gani hii?

Kumbe tupo Beauvais! Km 85 hivi kaskazini mwa Paris, hata mkoa si wa Paris. Wenzangu wa uwanja wa ndege wa Orly wanashukia pembeni mwa jiji, mimi nimekata tiketi ya basi: saa moja na robo kama hakuna foleni, na foleni ipo. Ni sawa na kuuziwa tiketi ya Dar, unashushwa Chalinze, halafu konda anakwambia karibu Kariakoo.

Na yule dada karudia kwa Kifaransa! Karibuni Paris. Ng'ombe yupo palepale. Naapa yule ng'ombe alicheka.

Kibopa Mstaafu:
Tiketi imeandikwa Paris Beauvais. Ulidhani Beauvais ni jina la rubani? 😂

Mtoro wa Dublin:
"Paris" wameiandika kubwa, hiyo nyingine unaitafuta kwa tochi. Usinichefue. Mtu mzima anatazama ng'ombe anasema "Karibuni Paris"!

Shangazi wa Köln:
Wewe una nafuu. Mimi niliuziwa Frankfurt, wakanibwaga Hahn, km 120 huko, uwanja wa zamani wa jeshi la anga la Marekani. Usiku, baridi, nikajua nimeandikishwa vitani.

Baharia Mkavu:
Oslo je? Unashushwa Torp, zaidi ya km 100 kutoka mjini. Beauvais ni Posta kabisa.

Wakili wa Kijiweni:
Mleta uzi, fidia ya Ulaya ni euro 250 kwa safari zisizozidi km 1500, ila mpaka uchelewe kufika saa 3 au zaidi. Wewe hukuchelewa. Umewahi kufika kusikojulikana.

Kibopa Mstaafu:
Halafu Paris ipo mbele ya Dublin kwa saa moja. Na hiyo wamekuibia, kaidai 🤣

Mzaramo Halisi:
Chalinze imewakosea nini nyie? Pale kuna mishikaki ambayo huko Paris hamtaiona mpaka mnakufa.

Dada Pwani:
Bora Chalinze. Juzi basi limeandikwa Dar, tumeshushwa Kibaha saa nane usiku, konda anasema "gari limechoka". Gari linachoka, sisi je?

Mtoro wa Dublin:
Jamani, uzi ni wa ndege...

Baharia Mkavu:
Dada Pwani, ni lile basi lenye pazia nyekundu?

Dada Pwani:
Hilohilo! Na chaji ya simu haifanyi kazi.

Mzaramo Halisi:
Konda wake mweupe, mfupi? Ana chenji yangu elfu mbili tangu Pasaka.