Wasomaji wa Mtaa, Busia

Swaleh: Jamani, A Dance with Dragons, kitabu cha 5 cha hadithi ya A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, nimeimaliza. Sura 73! Mapigano mawili yanaandaliwa kitabu kizima, la ngome ya Winterfell na la mji wa Meereen, na hakuna hata moja linalopiganwa. Jon naye anachomwa visu, basi, hatumwoni tena.

Wandera: Pole ndugu yangu. Yalikuwa yawe humo humo, yakasukumwa kitabu cha 6 kwa sababu cha 5 kilishanenepa kupita kiasi.

Mama Rehema: Mnalaumu mwisho, mimi nalaumu mkato. Cha 4 na cha 5 vilianza kama kitabu kimoja. Kilipozidi, Martin hakukata hadithi katikati, aligawa wahusika. Cersei, Jaime na Brienne wakatoka 2005 katika A Feast for Crows. Jon, Tyrion na Daenerys wakangoja hadi Julai 2011! Na mwishoni mwa kile cha 2005 aliandika kwamba anatumaini kinachofuata kitatoka mwaka ujao. Watu walikifungua wakiwa na kinyongo tayari.

Swaleh: Sawa Mama, lakini malkia Daenerys mbona anakwama Meereen na majoka anao?

Mama Rehema: Mpango wa awali ulikuwa kuruka miaka mitano hapo katika hadithi. Msichana Arya akue, majoka wakomae. Kwa Arya kuruka kulifaa. Kwa Jon, kamanda wa Ukuta, na malkia Cersei kulikataa, maana mtawala hakai miaka mitano bila jambo kutokea. Kuruka kukafutwa, muda ule ukabidi usimuliwe. Tena Tyrion, Quentyn na Victarion wote safari yao ni Meereen: nani afike kabla ya arusi ya Daenerys, nani baada ya joka lake Drogon kurudi? Fundo hilo lilimchelewesha sana. Lilifunguka Barristan, mlinzi wa Daenerys, alipopewa sura zake za kusimulia, kwa sababu Daenerys akiruka na joka lazima abaki mtu wa kutuonyesha mji.

Wandera: Quentyn ningemkata. Sura nne, anafika amechelewa, anaungua.

Nekesa: Hapana Kaka Wandera, ukimtoa huyo, Dorne, nchi ya kwao, inabaki bila sababu ya kungoja. Doran, mtawala wake, anasubiri habari za mwanawe Quentyn, huku Aegon, anayedai kiti cha ufalme, ameshatua bara la Westeros akitafuta washirika. Kifo kile ni deni litakalolipwa mbele.

Nekesa: Na Theon hamumtaji? Sura saba, tatu za kwanza zinaitwa Reek, jina la kudhalilishwa alilobandikwa, ya mwisho ndiyo inaitwa Theon. Hakuna kazi bora kuliko hiyo katika vitabu vyote vitano.

Halima: Mimi nimetoka kumaliza cha 3, ujumbe wenu naupita bila kuusoma 🙈 Nifuate mpangilio gani?

Mama Rehema: Mwanangu, salama ni cha 4 chote, halafu cha 5. Ukitaka kuvichanganya, shika haya. Sura ya kwanza ya Samwell katika cha 4 na ya pili ya Jon katika cha 5 ni mazungumzo yale yale, visome vikifuatana. Habari za mji wa White Harbor zimfikie Cersei kabla hujagusa sura ya nne ya Davos. Kabla ya sura ya The Wayward Bride katika cha 5, mkutano wa kuchagua mfalme wa Iron Islands uwe umeshausoma. Ukifika sura ya The Blind Girl, cha 4 kiwe kimekwisha.

Wandera: Na ukinunua cha mtumba Kampala, soma jalada kwanza. Toleo la Uingereza la jalada laini la cha 5 limekatwa mawili: Dreams and Dust, kisha After the Feast. Wauzaji wengi huwa na kimoja tu. Hata cha 3 kimekatwa hivyo hivyo. Halima, chako kimeandikwaje?

Halima: Steel and Snow.

Mama Rehema: Hiyo ni nusu ya kwanza! Blood and Gold bado, na mambo mazito yote yamo humo. Wenzangu, futeni ujumbe wa juu kabla hajarudi kuusoma.

Wandera: Ninayo. Mtume mtoto aje aichukue jioni.