Ninaona vizuri kwa miwani ya kusomea: je, bado nina haja ya kupimwa macho?

Msomaji wa Usiku

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nina umri wa miaka 46, na tangu nilipovuka arobaini natumia miwani ya kusomea niliyojinunulia dukani bila kupimwa, kwa kujaribu moja baada ya nyingine hadi nilipoipata inayonifaa. Vitu vya mbali naviona bila taabu, macho hayaniumi wala hayawashi, na sijawahi kuumia jicho. Hata hivyo, mdogo wangu ananisisitiza nikapimwe kwa sababu marehemu baba yetu alipofuka uzeeni kutokana na glakoma, na yeye mwenyewe alipopimwa hivi karibuni aliambiwa kwamba shinikizo ndani ya jicho lake moja limepanda na kwamba atahitaji kufuatiliwa.

Naomba mnisaidie kwa haya. Je, mtu anayeona vizuri namna hii ana sababu ya kumwona daktari wa macho, au yatosha kusubiri hadi dalili ijitokeze? Tena, ni nini hasa kinachopimwa, maana ninachokumbuka mimi ni kusoma herufi ukutani tu? Na nikishapimwa, nirudi baada ya muda gani?

Mpima Macho

Ndugu, mdogo wako amekushauri vyema, nami nakuomba usisubiri dalili. Ugonjwa uliompata baba yenu, katika aina yake iliyo ya kawaida zaidi, hauumi, na mgonjwa huutambua wakati sehemu kubwa ya uharibifu imekwisha kutokea. Glakoma huharibu neva inayopeleka habari kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida hupunguza kwanza uwezo wa kuona pembeni, ilhali katikati, yaani sehemu tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu, hubaki safi kwa miaka mingi. Jicho moja hufidia pengo la jicho jingine, nao ubongo hujaza kilichokosekana, hivyo mtu huendelea na shughuli zake akiamini kwamba hana tatizo lolote. Kilichopotea hakirudi, matone, leza na upasuaji hulinda kile kilichobaki tu. Kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu huongeza hatari mara kadhaa, na wewe baba yako aliugua, huku mdogo wako akiwa tayari na shinikizo lililopanda. Watu wenye asili ya Kiafrika nao hupatwa mara nyingi zaidi na katika umri mdogo zaidi.

Kuhusu herufi za ukutani, kipimo hicho kilitungwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, na bado tunakihitaji. Mtu husimama au kuketi umbali wa mita 6. Akiandikiwa 6/18, maana yake ni kwamba herufi anazoweza kuzisoma akiwa mita 6, mwenye macho ya kawaida angezisoma akiwa mita 18. Lakini kipimo hicho huonyesha ukali wa kuona katikati peke yake. Mtu mwenye glakoma iliyokwisha kuharibu pembeni anaweza kuusoma ubao mzima hadi mstari wa mwisho, na ndiyo sababu huwa nasikitika ninapomsikia mtu akisema kwamba macho yake ni mazima kwa kuwa alisoma herufi zote.

Uchunguzi kamili huanza kwa maswali kuhusu afya yako, dawa unazotumia na magonjwa ya ukoo. Kila jicho hupimwa peke yake, kisha hutafutwa lenzi inayokufaa. Baadaye konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na lenzi ya ndani hutazamwa kwa hadubini yenye mwanga mwembamba, na shinikizo la jicho hupimwa. Kwa watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Shinikizo hili si lile la damu, kwa hiyo usijifariji kwamba ulipimwa mkono na likaonekana liko sawa. Vilevile, namba hiyo haitoshi yenyewe, kwa kuwa wapo wenye shinikizo la kawaida ambao neva zao zinaharibika, na wapo wenye shinikizo la juu ambao neva zao ni salama. Kwa sababu hiyo, omba waziwazi kwamba mboni zitanuliwe kwa matone ili retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kichwa cha neva, yaani mahali neva inapotoka jichoni, vitazamwe, na kwa historia ya ukoo wenu, omba pia kipimo cha upana wa eneo la kuona. Matone hayo huleta ukungu kwa saa kadhaa, hivyo usiendeshe gari siku hiyo.

Miwani yako haikudhuru. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hugumu na kushindwa kubadili umbo ili kuona karibu, jambo linalompata kila mtu. Kasoro ya miwani ya dukani ni kwamba lenzi zake mbili zina nguvu ileile hata kama macho yako yanatofautiana, na kubwa zaidi ni kwamba inamwezesha mtu kupita umri wa hatari bila jicho lake kuchunguzwa na yeyote. Ukikutwa salama, ningependekeza urudi kila mwaka mmoja au miwili, kadiri daktari atakavyoona, na uzidi kuwa makini baada ya miaka 60.

Dada wa Insulini

Kaka, naunga mkono yaliyosemwa, nami naongeza upande wa kisukari, kwa sababu hukueleza kama umewahi kupima sukari. Sukari iliyozidi kwa muda mrefu huidhoofisha mishipa midogo ya retina, ikavuja au kuziba, kisha jicho huotesha mishipa mipya iliyo dhaifu ambayo huweza kupasuka na kujaza damu ndani ya jicho. Mimi nilikuwa nasoma bila shida yoyote wakati daktari alipoona vivimbe vidogo kwenye mishipa ya retina yangu, na kwa kuwa vilionekana mapema, nilipata nafasi ya kurekebisha sukari na shinikizo la damu kabla kuona hakujaguswa. Anayegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili anapaswa kuchunguzwa retina mara tu anapogunduliwa, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuwa umekaa mwilini kwa miaka bila kujulikana. Mwenye aina ya kwanza achunguzwe ndani ya miaka 5. Baada ya hapo, kwa wengi wetu, ni kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari asingoje ratiba hiyo, bali aende mapema katika ujauzito.

Mlezi wa Wazee

Mimi nimewahudumia wazee wengi wenye mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi ya jicho, ugonjwa ambao ndio chanzo kikuu cha upofu duniani, na nasema kwa furaha kwamba huu ni upofu unaoweza kuondolewa. Lenzi iliyopata ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Aliyeanzisha njia hiyo ni Harold Ridley, daktari wa London, mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta madhara makubwa kama ilivyotarajiwa. Hakuna matone yaliyothibitishwa kuuyeyusha ukungu huo.

Na kuhusu matone, nawasihi mlio na ndugu wenye macho yanayowasha kila mara: msiwaachie wajinunulie matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, na kuyatumia kwa miezi bila kufuatiliwa. Huleta nafuu ya haraka, lakini yanaweza kupandisha shinikizo la jicho kimyakimya hadi kusababisha glakoma, na pia kuharakisha mtoto wa jicho, hata kwa kijana.

Mwalimu wa Awali

Kwa kuwa wengi wetu ni wazazi, naomba niongeze neno moja. Mtoto mwenye kengeza, au ambaye jicho lake moja halioni vizuri, anahitaji matibabu angali mdogo, kwa sababu ubongo huzoea kulipuuza jicho hilo, na matokeo ya tiba huwa bora zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Mkiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kwenye picha, mpelekeni hospitali upesi, kwani inaweza kuwa saratani ya retina.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru sana, nami nimekubali kwenda. Limebaki jambo linalonitia hofu: wakikuta shinikizo langu limepanda kama la mdogo wangu, je, ndiyo nitafungwa na matone maisha yangu yote?

Mpima Macho

Si lazima, ndugu. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wenye shinikizo la juu ambao neva zao zilikuwa bado salama: katika miaka 5, glakoma iliwapata asilimia 9.5 ya wasiotibiwa na asilimia 4.4 ya waliotumia matone. Utaona kwamba matone yalipunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na pia kwamba wengi wa wasiotibiwa hawakuugua katika muda huo. Daktari atapima uzito wa jambo hili kwa kutazama kiwango cha shinikizo, unene wa konea, hali ya neva, umri na historia ya ukoo, kisha mtaamua pamoja kama uanze dawa au ufuatiliwe tu. Siku ya kwenda, chukua miwani yako, orodha ya dawa unazotumia na majibu ya mdogo wako, na uombe nakala ya picha ya neva yako, maana miaka ijayo daktari yeyote atakayekuona ataihitaji ili alinganishe.