Bunduki ya babu: itengenezwe au istaafu?

Mjukuu wa Njoro: Wakuu, marehemu babu ametuachia bunduki ya marisau, mitutu miwili, kazi ya Birmingham. Tangu msiba iko kituo cha polisi. Mitutu inachezacheza kwenye bawaba na kitako kimepasuka. Mjomba anataka itengenezwe, eti ngiri wanamaliza mahindi. Mwasemaje?

Fundi Kondele: Kitako si hoja, hiyo ni mbao. Kagua mitutu. Ukiona michirizi iliyojiviringa juu ya chuma, hiyo ni Damascus: vyuma na feleji vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja, enzi za baruti nyeusi. Kutu hula ndani ya maungio usikoona. Risasi za leo, usithubutu! Halafu pima urefu wa chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Nyingi za zamani ni milimita 65, risasi za kisasa 70. Itaingia vizuri tu, ila ikilipuka ganda linakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda.

Shangazi Kakamega: Na leseni hairithiwi, mwanangu. Ni wewe na Bodi ya Leseni za Silaha. Fundi wa jua kali asiiguse.

Mjukuu wa Njoro: Asante shangazi. Nimeruhusiwa kuitazama: michirizi ipo, mpaka mdomoni. Haitengenezwi. Nimemtumia mjomba picha, amesoma, kimya.