Naomba ushauri: vijana wanaookota chupa wameshikiliwa kwa deni

Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Pugu, karibu na dampo la Kinyamwezi, Dar es Salaam. Jirani yetu ana yadi ya kununua chupa za plastiki na skrepa. Vijana wanaomwokotea amewaleta kutoka mikoani, na mmoja sidhani kama amefika miaka kumi na tano.

Nauli ya basi waliyolipiwa imegeuka deni. Chakula deni, pa kulala deni, hata gambuti wanazovaa ni deni. Vitambulisho vyao vya NIDA kavifungia kabatini. Wakileta magunia, anapima mwenyewe huku mzani kaugeuzia upande wake, anaandika kwenye daftari ambalo hawaruhusiwi kulishika. Mmoja alikatwa mguu na kioo, siku alizolala zikaongezwa kwenye deni.

Hii si shida ya kawaida ya kibarua. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inahusu pia kumtumikisha mtu kwa deni, na ile ya ajira ya 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa.

Kwa huyo mdogo nimefikiria kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Hawa wakubwa je? Nianze polisi, ofisa kazi au ustawi wa jamii? Nahofia tajiri akishtuka atawahamisha usiku, na vitambulisho na malipo yao vipotee. Aliyewahi kusimamia jambo kama hili, alianzia wapi?